Petroli Kwenye Nyasi za Mama

Harufu ya petroli niliizoea kabla sijaanza kuiogopa. Ilikaa ndani ya gari langu jinsi harufu ya kahawa inavyokaa ndani ya gunia, na sikuuliza imetoka wapi kwa sababu nilijua kilichobebwa. Aliyebeba ni mdogo wangu wa kiume. Siku za katikati ya wiki, mimi nikiwa darasani nafundisha, yeye alilichukua gari, akapanga madumu ya petroli kwenye buti na kwenye kiti cha nyuma, akateremka nayo hadi mwaloni huko Muleba, ambako wavuvi wa visiwani huja kununua mafuta ya injini za mitumbwi yao. Akirudi alikuja na dagaa, na Ijumaa jioni alinikabidhi funguo mlangoni kwangu, mtaa wa Bakoba mjini Bukoba. Ana makosa mengi mdogo wangu, lakini hajawahi kunirudishia gari lenye tangi tupu. Alijaza mpaka mafuta yaonekane mdomoni, kisha akasema, "Dada, nimekujazia mpaka juu," na mimi nikamsamehe harufu.

Gari lenyewe lilikuwa la marehemu baba. Ni gari dogo, la kabureta, la miaka ambayo vioo bado vilizungushwa kwa mkono, na rangi yake zamani ilikuwa bluu. Walimu wenzangu walinishauri niliuze kwa wakata vyuma. Nilikataa kwa ukaidi tu, maana mtu akinishauri kitu mara mbili huwa nakikataa hata kama kina faida.

Kila Jumamosi nililiendesha hadi kijijini Kaagya kwa mama. Nililala huko, Jumapili nikampeleka kanisani, jioni nikarudi mjini. Mama anaishi peke yake kwenye kibanja alichoachiwa na baba, migomba mbele na nyuma, mibuni katikati, na jiko la kuni la nje ambalo mlango wake unatazama pale pale gari linaposimama. Moto wa mama ni moto wa wazi, wa mafiga matatu. Unawashwa asubuhi na unawashwa jioni, na hakuna ukuta wala hatua nyingi kati yake na gari. Nilipoanza kuifikiria harufu ile kwa akili, hilo ndilo lililoninyima amani. Gari langu likimwunguza mama yangu, nitakayemlaumu ni mimi niliyelipeleka pale.

Kuifikiria nilianza wiki ambayo mdogo wangu hakwenda mwaloni kabisa. Mbalamwezi ilikuwa kali, na wavuvi wa dagaa hawatoki mwezi ukiwaka namna ile, kwa hiyo hawakuhitaji mafuta. Madumu yalibaki stoo kwake. Gari alilitumia kwa shughuli ndogo za mjini, akalijaza kama kawaida yake, akanirudishia. Nikaenda Kaagya vioo vikiwa vimeteremshwa, na Jumapili asubuhi nilipofungua mlango ili mama aingie, harufu ilinipiga usoni kuliko wiki yoyote ya madumu. Mama alijifunga kitenge puani, akaketi, akatazama mbele. Mimi nilishika usukani na kuanza kusali rozari kabla hata hatujafika kanisani.

Jumatatu nililipeleka kwa fundi. Gereji yake iko upande wa kuelekea Ijuganyondo, chini ya mti wa mfenesi, na mwenyewe ni mtu mnene mwenye sauti kubwa anayejisifu kwamba ana pua ya mbwa. Aliniuliza maswali kama daktari. Inanuka injini ikiwa inawaka, au ikiwa imezimwa? Inanuka ukiendesha, au ukifungua mlango asubuhi? Inanuka mbele au nyuma? Nilimjibu kwamba inanuka ikiwa imesimama, asubuhi, kote. Akacheka, akasema, "Mwalimu, kote siyo jibu." Nilikasirika, kwa sababu hivyo ndivyo ninavyowajibu wanafunzi wangu.

Alifungua boneti, akatoa kwanza waya wa betri ili pasiwe na cheche, akapitisha kidole kwenye kila mpira wa mafuta kuanzia pampu hadi kabureta. Mmoja ulikuwa umekauka na kufanya nyufa ndogo kwenye mkunjo. Akaubadilisha, akabana klipu, akanionyesha ule wa zamani kwa furaha kana kwamba amemkamata nyoka. Kisha aliingia chini ya gari, akapangusa kila kitu kwa kitambaa kikavu, akaniagiza nikaliegeshe nyumbani juu ya sementi, nitandaze magazeti chini yake, niyatazame asubuhi. Nikafanya hivyo usiku huo na usiku uliofuata. Magazeti yalibaki makavu, na habari zake zote zikisomeka.

"Halivuji," fundi alisema kwenye simu. "Harufu imeingia kwenye sponji za viti. Madumu yale, mwalimu."

Basi nikamkataza mdogo wangu kubeba petroli ndani ya gari la baba. Alinuna, akakodi pikapu ya rafiki yake, ila kwa heshima akaendelea kulichukua gari Ijumaa na kulijaza. Viti niliving'oa, nikavisugua kwa sabuni ya unga, nikaviweka juani. Jua la Bukoba mnalijua, halimalizi saa bila mvua. Vilikaa kibarazani kwangu vikichuruzika mpaka majirani wakauliza kama nafungua duka la samani.

Na harufu haikuondoka. Bakoba ilikuwa ndogo, ya kubahatisha, lakini Kaagya ilikuwa nzito. Tena likaongezeka jambo jingine. Jumamosi nilifika kwa mama mshale wa mafuta ukiwa umesimama juu kabisa, na Jumapili nilipowasha gari mshale ulikuwa umeshuka, wakati gari lilikuwa halijaenda popote. Nilimwambia mdogo wangu. Yeye akapata jibu papo hapo.

"Wananyonya, dada. Kuna mtu anakuja na mpira usiku. Tununue kifuniko cha kufuli."

Nilimuuliza mama kama kuna watu wanaopita uani usiku.

"Hapa hakuna mwizi," alisema, haraka kuliko kawaida yake, akaendelea kumenya ndizi.

Nikawa nalala pale nikiwa nimetega masikio. Kuna woga wa namna yake katika kulala jirani na kitu kinachoweza kuwaka. Niliona moto kila nilipofumba macho, na ndani ya moto sikuona gari, nilimwona mama akiwa amefungiwa nyuma ya mlango wa jiko. Mchana nilijicheka. Usiku sikucheka.

Niueleze ua wenyewe, maana bila ua huu hakuna cha kueleza. Nyumba ya mama iko kwenye mteremko. Gari linaingia kutoka barabarani kwa kupanda, na linasimama likiwa limeinua pua kuelekea nyumba na mkia umeshuka kuelekea jiko. Chini yake hakuna udongo unaoonekana. Mama hawezi kuvumilia udongo mtupu. Kwake yeye ardhi iliyo uchi ni aibu ya mwanamke mwenye kibanja, watu wakipita wataona kwamba mji umekosa mwenyewe. Kwa hiyo kila mahali ametandaza nyasi za rweya, zile zinazokatwa kule kwenye mbuga wazi na kubebwa kichwani, na juu ya nyasi anaongeza majani makavu ya migomba. Hata mahali pa gari alipatandaza, eti magurudumu yasiukandamize udongo wake. Ukimwaga ndoo ya maji hapo huoni ilikokwenda.

Nililifahamu hilo maisha yangu yote, na bado nilikuwa nikichungulia chini ya gari kila Jumapili kutafuta doa.

Jumamosi moja, mvua za asubuhi zikiwa zimekatika, nilikuwa nimeketi kibarazani nasahihisha madaftari nilipomwona jirani yetu, mama mtu mzima, akitokea kati ya migomba kutoka upande wa jikoni. Mkononi alishika kigae cha chungu, na juu ya kigae palikuwa na makaa mekundu aliyochota kwenye mafiga ya mama. Kwetu mtu akizimikiwa na moto anakuja kuchukua kwa jirani, wala haombi sana. Alitembea polepole, akiyapuliza yasizime, na njia yake ilipita ubavuni mwa gari. Upepo ukavuma. Niliona cheche ikiruka kutoka kwenye kigae, ikaelea, ikaanguka kwenye nyasi karibu na gurudumu la nyuma.

Nilipiga kelele. Nilimwambia asimame, atupe makaa yale, arudi nyuma. Madaftari yalimwagika. Mama wa watu alisimama ametoa macho, na cheche ikawa imekwisha kuzimika yenyewe kwenye unyevu. Aliniangalia kama mtu aliyetukanwa, akageuka, akapita nje kabisa kwenye mibuni, akaenda zake.

Mama alitoka jikoni. Aliongea nami kwa Kihaya, sauti chini, na nilijua nimekosea sana, kwa sababu akikasirika hapandishi sauti.

"Tangu lini mtu akanyimwa moto kwenye mji huu?"

"Mawe, sikumnyima," nilijibu, nikimwita mama kwa Kihaya chetu. "Gari linanuka petroli."

"Limenuka tangu lini? Na tumeungua?"

Akarudi ndani. Mimi niliokota madaftari. Nilikuwa bado nimeinama niliposikia sauti kutoka jikoni, pumzi moja nzito, kama shuka linalokung'utwa. Nikakimbia. Mama alikuwa amesimama mbali na mafiga, amejikinga uso kwa kiganja, na moto ulikuwa umepanda mpaka karibu na masizi ya darini. Ulisimama hivyo kidogo, ukashuka, ukatulia chini ya sufuria.

"Leo umeshika vizuri," alisema.

Nilimsogelea. Nyusi zake zilikuwa nusu. Zilikuwa zimekatika pembeni, na ncha za nywele za mbele zilikuwa zimejikunja na kuwa kahawia.

"Mawe, nyusi zako zimekwenda wapi?"

"Uzee," akajibu. "Wengine unawaanzia magotini."

Tulicheka, maana mama ana ulimi ule. Huko sebuleni, juu ya kabati, kulikuwa na jiko la gesi tulilomnunulia mimi na mdogo wangu, na mtungi wake umevalishwa kitambaa cha kufuma kama mtoto wa kubatizwa. Hajawahi kuliwasha. Anasema gesi inalipuka.

Jioni hiyo hiyo, kungali kweupe, nikaamua kufanya tena kazi ya fundi, safari hii hapo hapo Kaagya. Nilitaka kuondoa nyasi chini ya gari ili nione udongo. Mama alikataa katakata, akasimama mbele ya jembe. Basi nikachukua maboksi ya sabuni, nikayakata, nikayatandaza juu ya nyasi kuanzia chini ya injini hadi chini ya tangi, yakipishana kama vigae vya paa. Tone lolote likianguka litaacha alama, na nitajua limeanguka kutoka wapi. Mama alinitazama nikitambaa. Aliuliza maboksi ni ya nini. Nilimwambia ni ya kukamata ugonjwa wa gari. Akaitikia, "Aa," akaingia ndani.

Asubuhi nilitoka nikiwa nimevaa nguo za kanisani. Harufu ilikuwa nzito kiasi kwamba nilihisi utamu wake mbaya kwenye ulimi. Nikainama. Maboksi ya mbele, chini ya injini, yalikuwepo, makavu, safi. Maboksi ya nyuma hayakuwepo. Nyasi zilibaki peke yake pale, zimelala zilivyolala.

Moshi ulikuwa ukitoka jikoni. Mama alikuwa amekaa kwenye kigoda, sufuria ya matoke jikoni, amejipaka mafuta tayari kwa misa.

"Mawe, maboksi yangu ya nyuma?"

"Nimewashia," alisema. "Yanashika kuliko majani."

Nilisimama mlangoni. Lile neno "kuliko majani" ndilo lililonirudisha nje. Sikujali nguo. Nililala chali kwenye nyasi, nikajisukuma mpaka kichwa kikawa chini ya mkia wa gari, upande wa kushoto ambako tangi linajaziwa. Nilifukua kwa vidole. Nyasi za juu zilikuwa za kawaida. Za chini zilikuwa zimelowa na kushikana, na udongo chini yake ulikuwa mweusi, hauna hata mchwa mmoja. Nikainua macho. Nyuma ya bati la kukinga matope, mahali ambapo mtu aliyesimama hawezi kuona, tone lilikuwa likijikusanya. Lilikua, likaning'inia, likaanguka kwenye shavu langu, na shavu likapoa kama limepakwa spiriti ya hospitali. Kisha jingine likaanza kujikusanya.

Nililala pale nikitazama tone, na mita chache nyuma ya kichwa changu nilisikia kuni za mama zikipasuka motoni.

Nilitoka. Nilikwenda jikoni, nikachukua ndoo ya maji ya kuoshea, nikaimwaga yote kwenye mafiga. Mvuke ulijaa, jivu likaruka hadi kwenye gauni la mama, matoke yakajaa uchafu. Hakunipigia kelele. Aliyatazama mafiga yaliyozimika, kisha akanitazama mimi, na usoni mwake palikuwa na kitu ambacho sikukitegemea. Hakuwa na hasira, alikuwa na hofu. Nilidhani anaogopa gari, hatimaye.

"Limekuwa likivuja miezi yote hii," nilimwambia. "Ungeungua, Mawe. Ungeungua humu ndani na mimi nimelala."

Alipangusa jivu kwenye gauni lake.

Sikuthubutu kuwasha injini. Niliwasimamisha wanaume waliokuwa wakipita kwenda misa, wamevaa makoti, na wao, kwa wema wa watu wa kijijini, waliweka vitabu vya nyimbo juu ya ukuta na kulisukuma gari kwa mikono hadi tambarare ya barabarani, mbali na nyumba. Yule jirani niliyemfukuza na makaa yake alikuja kutazama. Alinusa upande wa gari, akaniambia polepole, "Kumbe," akanishika bega. Nilimwomba radhi mbele ya wote, na nililia kidogo.

Fundi nilimpigia simu, na baada ya misa akafika kwa pikipiki, amebeba kipande cha mpira mnene, kidumu cha petroli na mfuko wa spana. Alichomoa waya wa betri, akatuamuru tusogee, akaketi kwanza akitazama pale gari lilipokuwa limesimama. Alitazama mteremko kwa muda.

"Hapa linasimama pua juu," alisema. "Kwako Bakoba ni sakafu iliyo sawa."

"Ndiyo."

"Na mdogo wako analijaza mpaka mdomoni."

"Kila Ijumaa."

Aliingia chini. Kulikuwa na mpira mfupi, mpana, unaounganisha mdomo wa kujazia na tangi lenyewe. Ulikuwa umechanika upande wa juu wa tangi, karibu na klipu, mwanya mdogo wa kuingiza ukucha. Gari likiwa tambarare, mafuta hayafiki hapo yakishapungua kidogo. Likiwa limejaa na mkia umeshuka, yanaufunika mwanya na kutoka taratibu, asubuhi hadi asubuhi. Alinieleza haya akiwa chini, miguu tu ikionekana, na alikiri kwamba magazeti yake ya Bakoba yalikuwa upuuzi. Nilifurahi kusikia hivyo kuliko nilivyopaswa.

Kisha nilimsikia akivuta kitu.

"Mwalimu, hii nayo ni ya nani?"

Mkono wake ulitokea chini ya bati. Ulikuwa umeshika fungu la majani makavu ya mgomba, limekunjwa vizuri, limefungwa katikati kwa kamba ya mgomba, fundo limegeuzwa kwa ndani. Lilikuwa limelowa petroli hadi linachuruzika. Alisema alilikuta limechomekwa juu ya fimbo ya ekseli, chini kabisa ya mahali panapovuja. Jingine lilikuwa limechomekwa nyuma yake, na hilo lilikuwa bado kavu upande mmoja, kama lililowekwa jana.

Mtu hawezi kukosea fundo la mama yake. Hivyo ndivyo anavyofunga mafungu ya kuwashia moto tangu nikiwa mdogo, na sijaona mwingine anayeligeuza fundo kwa ndani.

Nilikwenda nalo jikoni, nimelishika mbali na mwili. Mama alikuwa ameketi pale pale mbele ya mafiga yaliyolowa. Amechokonoa jivu, na chini yake amepata makaa machache yaliyokuwa bado hai, ameyakusanya pembeni mahali pakavu. Nilisimama mlangoni, nikaliacha fungu nje.

"Ulijua," nilisema.

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu wakati wa kuvuna kahawa. Niliokota majani chini ya gari kwa sababu hapo mvua haifiki, yanakuwa makavu. Nikaona yanashika yenyewe." Alizungusha kijiti kwenye jivu. "Baadaye nikawa nayaweka. Jumapili unaondoka, mimi nabaki nayo kwenye debe, yananitosha wiki."

Debe. Nilitazama juu, na huko darini juu ya mafiga, ambako huwa anakaushia kuni, lilikuwepo debe la mafuta ya kupikia lenye kifuniko cha jani. Nilipanda kwenye kigoda nikaliteremsha, na sikupumua mpaka nilipolifikisha nje kwenye migomba. Nilirudi jikoni. Nilitaka kumkaripia kama ninavyomkaripia mtoto wa shule. Nilimwambia kwamba angekufa, kwamba mdogo wangu alikuwa karibu kuwashtaki majirani kwa wizi, kwamba mtu mwenye akili hawezi kuogopa mtungi wa gesi halafu akapikia petroli.

Alinisikiliza hadi nikamaliza.

"Pumzi imekwisha, mwanangu," alisema.

Sikumwelewa. Nilidhani amechoka na maneno yangu.

"Moto wa kuni hauwaki kwa mikono," akaendelea. "Unapulizwa. Mimi nikipuliza, hakuna. Nikilazimisha, naona giza, nakaa chini. Siku moja nilikaa chini hapa hadi kuku wakaingia. Majani yale ukiyawekea kaa moja yanawaka, hata kupuliza hupulizi."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nikuambie, unipeleke Bakoba ukanikalishe kwenye sementi? Kibanja hiki kitandazwe na nani?" Alishusha sauti. "Na mdogo wako usimwambie. Yeye atakuja na gari kunihamisha siku hiyo hiyo."

Nilipiga magoti mbele ya mafiga. Gauni lilikuwa limekwisha kuharibika. Nilimwomba apulize, nione. Alikataa kwa kichwa, nikamwomba tena, kwa sauti ambayo sikuipenda. Basi akainama, akaweka mkono mmoja kwenye figa kujishikilia, akakusanya midomo kuelekea makaa. Nilimwona akivuta hewa, mabega yakapanda, shingo ikajitokeza mishipa. Akapuliza. Jivu jepesi lililokuwa juu ya makaa, jivu ambalo mtoto mchanga angelipeperusha, halikutikisika. Alipuliza tena, na kifuani mwake nilisikia kitu kikikwaruza, kisha akaketi nyuma akiwa amefumba macho, midomo ikiwa ya rangi ya majivu. Nilimshika asianguke. Alikuwa mwepesi. Wiki zote zile nililala macho nikilitegea gari masikio, na upande wa pili wa ukuta mama alikuwa amelala na kifua kile, wala sikukisikia.

Tulikaa hivyo. Makaa yalianza kufifia, moja baada ya jingine, na hakuna kati yetu aliyeyagusa.

Nje, fundi aliita kutoka barabarani kwa ile sauti yake kubwa. Alisema amemaliza. Amefunga mpira mpya, amebana klipu mbili, ameliinamisha gari kwa jeki na kulijaza mpaka mdomoni ili ajaribu, na halivuji hata tone, hata tukiliegesha kwenye ukuta. Alisema sasa naweza kulala usingizi.

Mama alifumbua macho.

"Sasa kesho nitawashia nini?" akaniuliza.